Wembe au Sindano

Kwenye ukumbi wa nje wa hospitali yetu, upande wa jengo la watoto, kuna benchi refu lililotengwa na mengine. Huketi hapo wazazi ambao watoto wao wana ugonjwa wa kuambukiza, na anayeketi kwa mara ya kwanza huona kwamba wapita njia hupunguza mwendo, hutazama, kisha huzunguka kwa mbali. Nimeketi kwenye benchi hilo asubuhi nyingi. Nayaandika haya kwa ajili ya mzazi anayeketi hapo leo, nikidhani kwamba atapenda kusikia kutoka kwa mtu aliyekwisha kuinuka. Habari za virusi na za kinga ya mwili nawaachia waliozisomea. Mimi ni mwalimu wa Kilatini na Kiswahili, na ninachoweza kukieleza kwa usahihi ni kile nilichokiona na kile nilichokisikia kikisemwa.

Tunakaa Mururu, upande wa Rwanda, kwenye mteremko ambako mtu akitoka mlangoni anaiona Bukavu ya Kongo ng'ambo ya mto, karibu kiasi kwamba jioni tunasikia kengele za kanisa lao pamoja na za kwetu. Nilikulia huko ng'ambo, kama Wanyarwanda wengi wa rika langu waliorudi. Mke wangu, Furaha, alizaliwa huko, na hadi leo anavuka mpaka asubuhi kuuza vitenge na kurudi jioni. Mama yake, ambaye nyumba nzima humwita Koko, yaani bibi, anakaa nasi tangu mpaka ulipofunguliwa baada ya korona. Neema, binti yetu wa mwisho, alizaliwa Bukavu kwa sababu ya mpaka huohuo: Furaha alikwenda kujifungulia kwa mama yake akitarajia kurudi baada ya majuma machache, na njia ikafungwa nyuma yake. Nilimwona mwanangu kwanza kwenye kioo cha simu. Nilipompokea mikononi alikuwa tayari ana meno, na alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti chake.

Sindano za mwanzo Neema alizipata huko. Ile ya surua, ambayo mtoto hupewa akikaribia mwaka, ilimpita. Kina mama walikuwa wanaogopa kukusanyika, na uvumi ulikuwa umeenea kwamba watoto wangechomwa ile ya korona kwa siri.

Surua ilimpata mvua za masika zilipokuwa zinakatika, akiwa na miaka mitatu. Ilianza kama mafua: homa, kikohozi kikavu, macho mekundu yanayotoa machozi. Kisha vipele vikatokea nyuma ya masikio, vikashuka shingoni, vikafunika uso na mgongo. Koko alimtazama mara moja akasema neno la Kinyarwanda, *iseru*, yaani surua, kwa sauti ya chini. Akafunga mapazia, akaning'iniza kitenge kizito juu ya dirisha, kwa kuwa ndivyo wazee wa pande zote mbili wanavyofanya: mgonjwa wa surua hulazwa gizani ili mwanga usimuumize macho. Na kweli Neema alitulia gizani. Tulimnywesha maji kwa kijiko, tulimpangusa kwa kitambaa chenye unyevu, na tulimsikiliza akikohoa.

Asubuhi moja alilia kwamba jicho la kulia lina mchanga. Niliondoa kitenge dirishani. Kope zilikuwa zimegandamana kwa usaha. Nilizilainisha kwa maji ya vuguvugu mpaka zikaachana, na hapo nikaona, kwenye kioo cha jicho, doa jeupe dogo mfano wa chembe ya unga. Furaha alikuwa amesimama nyuma yangu. Alichukua kanga, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka kuita pikipiki.

Ndivyo tulivyofika kwenye benchi nililolitaja. Muuguzi alikuja amefunika mdomo na pua, akapima homa, akauliza swali ambalo huulizwa kila mtoto: amechanjwa?

"Amechanjwa," akajibu Koko, aliyekuwa amefika nyuma yetu kwa pikipiki ya pili.

Muuguzi aliitikia kwa kichwa, akaenda. Baadaye, tulipokwisha kupewa kitanda ndani, aliingia daktari, mwanamke kijana mwenye sauti tulivu, ambaye wazazi wake walikulia Uvira, kwa hiyo alizungumza na Koko kwa Kiswahili cha nyumbani. Alimulika jicho kwa kitochi, akainama karibu sana. Kisha akauliza tena.

"Koko, munasema mutoto alichanjwa. Balimuchanja fasi gani?"

"Bukavu."

"Fasi gani ya mwili?"

Koko aliona swali hilo kuwa la ajabu. Alimgeuza Neema taratibu, akampandisha fulana, akaonyesha chini ya shingo chale fupi nyeusi zilizopangika vizuri.

"Hapa kwa kifua. Na hapa kwa mugongo. Miye mwenyewe nilimushika. Hakulia hata."

Daktari alizitazama chale kwa heshima, kama mtu anayesoma barua ya mwingine kwa ruhusa.

"Nani alimuchanja?"

"Muzee mumoja wa kwetu. Alichanja Furaha vilevile, na kaka zake bote. Wembe mupya, dawa ya majivu. Batoto bangu bote ni bazima."

Furaha alikuwa ameshika kingo za kitanda. "Mama," akasema, "wale wa chanjo walipita nyumbani mwaka jana. Uliniambia ya Neema iliisha."

"Ilisha, ndiyo. Ilisha tangu Bukavu."

"Nilielewa kwamba walimdunga siku ile."

"Sikusema balimudunga. Baliuliza kama alichanjwa, nikajibu alichanjwa. Nidanganye batu ba serikali?"

Mambo yalikuwa yametokea hivyo hasa. Mwaka uliotangulia, washauri wa afya wa vijiji walipita mlango kwa mlango kutafuta watoto waliokosa sindano wakati wa korona. Furaha alikuwa sokoni ng'ambo na mimi nilikuwa darasani. Koko aliulizwa swali moja, akalijibu kwa ukweli mtupu, na waliomwuliza wakaenda nyumba ya pili.

Daktari alitueleza hali kwa maneno machache. Surua yenyewe itapita. Mapafu yapo katika hatari lakini yanaweza kulindwa. Jicho la kulia lina kidonda. Kidonda kikisimama pale kilipo, mtoto ataona. Kikienea hadi katikati, au kikitoboka, hataona kwa jicho hilo tena. Alimpa Neema matone mazito ya vitamini kutoka kwenye kidonge alichokikata ncha, akaagiza mengine kesho yake, na ya mwisho baada ya majuma kadhaa. Kulikuwa pia na marhamu ya kupaka ndani ya kope, mchana na usiku.

"Ataona, dokta?" Furaha akauliza.

"Siwezi kukuahidi, mama. Kazi tunaijua, na tutaifanya."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Nakushauri, wewe uliye kwenye benchi, umwamini zaidi daktari anayekunyima ahadi na kukupa kazi. Kazi tuliyopewa ilikuwa nyingi, na ilitushikilia.

Mwili wa mtoto mwenye surua hubadilika kwa namna ambayo mzazi hajaandaliwa kwayo. Vidonda vilijaa mdomoni mwa Neema hata akaukataa uji alioupenda. Vipele viligeuka rangi ya kahawia, kisha ngozi ikaanza kupukutika kama maganda ya kitunguu, na shuka likawa na vumbi lake. Mashavu yaliingia ndani. Sauti ilikauka, akawa anazungumza kama kizee, jambo lililomchekesha mwenyewe alipoanza kupata nafuu. Kwenye kitanda cha jirani alikuwako mama mmoja kutoka Nyakabuye na mwanawe wa kiume, mgonjwa wa surua vilevile. Mama huyo alipika uji wa mtama mwembamba kupita wetu, akaupoza kabisa, akamimina nusu kwenye kikombe cha Neema bila kuuliza. Neema akaunywa wote. Sikumbuki kama nimewahi kumshukuru mtu yeyote kwa moyo kama nilivyomshukuru mama yule, naye alijibu tu kwamba wake hunywa kidogo, uji hubaki.

Furaha na mama yake hawakuwa wanazungumza. Walipokezana mtoto kama walinzi wanavyopokezana zamu, kwa ishara za kichwa na mikono. Siku moja, kwenye ukumbi, nilijaribu kusuluhisha kwa njia ninayoijua. Nilimwambia Furaha kwamba mama yake hakutumia neno vibaya. Kuchanja ni kukata. Aliyechanja kuni na aliyechanja ngozi walilitumia neno hilo kabla ya sindano kufika katika nchi hizi, na sindano ilipofika ikaazima jina la wembe. Kinyarwanda kilifuata njia nyingine, kikaita *urukingo*, kutokana na kukinga. Laiti yule mshauri wa afya angeuliza kwa Kinyarwanda, na Koko angekuwa anakisikia vizuri...

"Papa Neema," Furaha akanikata, "hapa pia unafundisha?"

"Nasema tu kwamba mama hana kosa."

"Najua hana kosa. Ndiyo maana sina wa kumgombeza. Unafikiri hilo ni jepesi?"

Alikuwa ameeleza hali yake kwa usahihi kuliko mimi. Jioni ile Koko alikuwa anakunja nguo zake kwenye mfuko. Alisema atavuka kesho, arudi kwake, asije akaonekana kila siku mbele ya mtu aliyemkasirikia. Furaha alimtazama akikunja mpaka mfuko ukajaa. Kisha akamkabidhi Neema.

"Ukienda, nani atamshika wakati wa marhamu? Mikononi mwangu anapigana. Kwako anakaa."

Ilikuwa kweli. Kwa Koko peke yake Neema alikubali kufunguliwa kope. Koko aliurudisha mfuko chini ya kitanda, na hapakuwa na maneno mengine ya kusameheana kuliko hayo.

Tulirudi Mururu kiangazi kilipoanza, vumbi la kwanza likiwa barabarani. Surua ilikuwa imekwisha. Jicho lilikuwa limefunikwa kwa kikinga cha plastiki, na ndani yake kidonda kilikuwa kimesimama lakini hakijafunga. Safari zetu za hospitali zikawa ndiyo kalenda ya nyumba: tulivuna maharage kati ya safari ya kwanza na ya pili, tulipewa matone ya mwisho ya vitamini siku ambayo jirani alianza kufyatua matofali. Kila safari daktari aliinama, alimulika, akasema, "Tuendelee." Doa lilikuwa limegeuka kovu jembamba, na hakuna aliyeweza kusema kama limefunika mboni au limeishia ukingoni. Neema alikuwa mdogo mno kusoma herufi, tena mkaidi mno kujibu maswali. Akifunikwa jicho la kushoto, lile zima, alilia, akakataa kusema anachokiona. Watu walituletea majani ya kukamua jichoni, kwa nia njema. Tulishukuru, tukayaweka nje. Hili nalisisitiza kwako: usikamulie kitu chochote kwenye jicho lenye kidonda isipokuwa ulichopewa hospitalini.

Kiangazi hicho alitutembelea Mama Donata, mshauri wa afya wa kijiji chetu, ambaye hapa huitwa mujyanama. Ndiye aliyekuja mwaka uliopita. Aliketi kwenye kigoda, akamtazama Neema kwa muda.

"Watoto wengine wawili juu kule wana homa na macho mekundu," akasema. "Nyumba zote mbili ziliniambia wamechanjwa. Sasa najiuliza mlima mzima uliniambia nini."

Nikaanza kumweleza juu ya neno. Koko, aliyekuwa anachambua mboga, hakungoja nimalize.

"Uliuliza vibaya, Mama Donata. Kwetu, mutoto bila chanjo, ni mutoto bila mama. Nani atakuambia mwanawe hana? Uliza hivi: wembe ao sindano? Kifua ao mukono?"

Mama Donata alicheka, kisha akaacha kucheka. "Rudia," akasema.

Koko akarudia. Kisha akanawa mikono, akavaa viatu, akasema kwamba atakwenda naye, kwa kuwa zile nyumba za juu ni za watu wa ng'ambo na hawatamwonyesha mgeni kifua cha mtoto.

Nilikwenda nao Jumamosi, kwa ajili ya kubeba mwavuli wa jua, kama Furaha alivyosema. Nyumba ya tatu au ya nne tulimkuta mama kijana mwenye mapacha, muuzaji wa ndizi anayevuka kila siku kama Furaha. Mama Donata aliuliza kwa maneno ya Koko.

"Wembe," mama yule akasema. "Na inatosha. Bale ba sindano banachanganyisha na ile ya korona."

"Nani alikuambia?" Koko akauliza.

"Soko nzima inasema."

"Soko nzima iliona surua kwa mujukuu wangu? Soko ilikuja kupaka dawa kwa jicho?"

"Koko, ni weye ulichanja yako kwa wembe, akapata surua. Sasa utafundisha sisi nini?"

Niliona Mama Donata anashusha pumzi. Koko hakuonekana kuudhika. Aliketi chini, kwenye kizingiti, bila kukaribishwa.

"Ni ile ile nafundisha," akasema. "Wembe ule, sitaki kuutukana. Mama yangu aliniwekea, nikaweka kwa batoto. Lakini surua haikuogopa. Ilipita juu ya majivu kama haiyaone. Mujukuu iko na kovu kwa kifua na iko na kovu kwa jicho. Ile ya jicho sikuitaka. Batoto bako babili bako bazuri. Ubaache na wembe, ubaongezee sindano. Nani atakukatazia?"

Mama wa mapacha alimwangalia, akawaangalia wanawe, akauliza kama kituo cha afya kinadunga Jumatatu au Jumanne.

Walipita hivyo milima miwili kabla ya mavuno ya mihogo, na Mama Donata alilipeleka lile swali kwa washauri wenzake wa Nyakabuye na wa Kamembe, hata nikaanza kulisikia likiulizwa kwenye maegesho ya mabasi na watu nisiowajua. Siku za sindano kituo cha afya kilijaa tena kama zamani, kwa makelele ambayo wauguzi walijifanya kuyalalamikia. Neema pia alidungwa, kwa kuwa sindano ile hukinga na maradhi mengine, na Koko ndiye aliyemshika. Alilia sana. Koko alimwambia mtu aliyekaa karibu kwamba wembe hauumi hivyo, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetaja tu ukweli.

Safari ya mwisho tulikwenda mvua zilipoanza tena. Daktari alitupokea sote katika chumba kidogo: Furaha akaketi na Neema mapajani, mimi nikasimama ukutani, Koko akapata kiti kwenye kona nyuma ya mlango. Daktari alisema kwamba kidonda kimefunga kabisa, hakuna dawa zaidi, na leo ni lazima tujue. Akamwomba Furaha afunike jicho la kushoto kwa kiganja, bila kubonyeza.

Akainua vidole. Neema hakujibu. Akainua kalamu, akaipeleka huku na huko. Kichwa cha mtoto hakikugeuka kuifuata. Akachukua kikombe chekundu kutoka mezani.

"Hii ni nini, Neema?"

Kimya. Furaha alirekebisha kiganja juu ya jicho la kushoto. Daktari alikirudisha kikombe taratibu, na nilijua kwamba anatafuta namna ya kuanza sentensi. Nilijua pia kwamba nitaisikiliza nikiwa nimesimama wima, na kwamba mtoto mwenye jicho moja ataandika, atasoma, na atanishinda kwa Kilatini akitaka.

Neema hakuwa anatazama kikombe. Jicho lake la kulia lilikuwa limekazia mahali pengine, juu ya bega la daktari, na kovu jeupe lilionekana wazi ukingoni mwa mboni.

"Mama," akasema kwa sauti ya kushitaki, "Koko iko nalia."

Tuligeuka sote. Kwenye kona, nyuma ya mlango, bila sauti yoyote, Koko alikuwa analia.